Maji Twahari na Maji Salama: Ushahidi wa Viumbe Wadogo wa Mtoni



Mwaka jana tulikuwa Nairobi kumzuru dada yetu aishiye Kawangware, upande wa magharibi wa jiji. Jioni moja alitujia mama jirani na swali. Mifereji ya mtaa wao hutoa maji siku chache tu za juma, na siku nyingine hukauka kabisa. Alipokosa fedha za kununua maji ya mitungi, mama huyo aliteka maji ya kijito kipitacho nyuma ya nyumba zao, akafulia nguo na kupigia deki. Akauliza, "Shekhe, nguo nilizofua kwa maji yale, yafaa kuziswalia?"

Tukamwuliza habari za sifa tatu ambazo kila mwanafunzi wa chuoni huzikariri: rangi, ladha na harufu. Akasema kwamba alfajiri, kabla mtaa haujaamka, maji yale huwa meupe, changarawe za chini huonekana, wala hayanuki. Nasi tukamjibu kama tulivyofunzwa, ya kwamba maji mengi yasiyogeuka sifa zake ni twahari, basi na aswali bila wasiwasi. Akashukuru, akaenda zake.

Baada ya miezi michache dada yetu alitupigia simu, na katika mazungumzo akatwambia kuwa mtoto mdogo wa mama yule amelazwa kwa kuharisha. Akaongeza neno jingine: tangu siku ile, mama huyo alikuwa akiwaogesha watoto kwa maji ya kijito, "kwa kuwa shekhe amesema ni masafi."

Hatusemi kwamba kijito ndicho kilichomwuguza mtoto. Maradhi ya tumbo yana njia nyingi, na mtoto, alhamdulillahi, alipona. Lakini neno lile lilitukaa kooni kama mwiba wa samaki. Sisi hatukusema "masafi", tulisema "twahari". Yeye alisikia "masafi", na hatukumweleza kwamba maneno hayo mawili yana tofauti. Makala haya ni ya kulipa deni hilo.

Shahidi mkaazi na shahidi mpita njia

Tulipomsimulia mambo haya binti wa dada yetu, anayesomea elimu ya viumbe katika chuo kikuu, alitabasamu akasema, "Mjomba, wewe huwezi kukubali ushahidi wa mpita njia aliyechungulia nyumba mara moja tu. Mbona umekubali ushahidi wa maji ya alfajiri peke yake?"

Kisha akatufafanulia. Maji ya mtoni hayatulii. Yale uyaonayo saa hii yatakuwa mbali baada ya saa moja. Uchafu nao haumwagwi wakati wote: bomba la choo hufunguliwa usiku, kiwanda hutoa maji yake machafu siku za kazi, na mkulima hunyunyiza dawa msimu wa wadudu. Mtu akijaza chupa ya maji akaipeleka maabara, atapata habari za dakika ile tu. Ikiwa alijaza chupa kabla uchafu haujafika au baada ya kupita, kipimo kitasema maji ni mazuri, na kipimo hakitakuwa kimesema uongo. Kimesema alichokiona shahidi mpita njia.

Lakini chini ya mawe ya mto, katika mchanga na baina ya majani yaliyooza, wamo wakaazi. Ni viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo, waonekanao kwa macho matupu bila hadubini: watoto wa wadudu mbalimbali, konokono, minyoo, kaa na uduvi. Wengi wao huishi majini miezi kadhaa, na baadhi hupindukia mwaka, kabla ya kuota mbawa na kuruka. Samaki akihisi sumu hukimbia. Hawa hawawezi kwenda mbali. Kila kilichopita katika maji yale, usiku na mchana, kimewapitia wao. Asiyestahimili amekufa au ameondoka, na anayestahimili amebaki. Kwa hiyo mwenye kujua tabia zao akiinua jiwe moja tu, akatazama nani yupo na nani hayupo, husoma habari za mto za miezi iliyopita.

Elimu hii si ya jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wawili wa Ujerumani, Kolkwitz na Marsson, waliorodhesha viumbe wa majini kulingana na uchafu wanaoustahimili. Baadaye Waingereza wakatengeneza mfumo wa kuwapa alama, na Afrika Kusini ikaunda mfumo wake uitwao SASS, ulioenea hadi nchi nyingine za bara letu. Watanzania wana wao uitwao TARISS. Hapa Kenya, mwaka 2009 wataalamu walichapisha kipimo cha namna hiyo kwa ajili ya mto Moiben ulioko bonde la Ziwa Viktoria. Na jirani kabisa na jiji la Nairobi, mwaka 2004 jarida la African Journal of Ecology lilitoa utafiti wa wataalamu wa Kenya juu ya viumbe hawa katika vijito vya bonde la Gatharaini.

Nani anasema nini

Siri kubwa ya ushahidi wao ni pumzi. Viumbe wa majini huhitaji hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji ya baridi yaendayo kasi, yakijipiga mawe, huwa na hewa nyingi. Kinyesi, mabaki ya chakula na takataka nyingine zinazooza zikimwagwa mtoni, vijidudu visivyoonekana huzila, na katika kuzila huimaliza hewa ile. Hapo wenye pumzi dhaifu huangamia kwanza.

Wa kwanza kuangamia ni watoto wa mdudu ambaye wanasayansi wamemwita Plekoptera. Mtoto wake ana mikia miwili, hushikamana na mawe katika mito ya baridi yenye mkondo wa nguvu, na uchafu mdogo tu humwondoa. Ukimkuta, umekuta mto wenye heshima yake.

Anayemfuata ni mdudu aitwaye Efemeroptera, jina la Kiyunani lenye maana ya mbawa za siku moja. Mtoto wake aghalabu ana mikia mitatu myembamba kama nyuzi, na ubavuni ana vipepeo vidogo vya kupumulia vinavyotikisika bila kupumzika. Hukaa majini wiki nyingi au miezi akikua. Siku ya kuwa mtu mzima hutoka, huota mbawa, huoana, hutaga mayai, na hufa ndani ya saa chache au siku chache. Mdudu huyo mzima hata kinywa cha kulia hana. Maisha yake karibu yote ameyaishi mtoni, na ndiyo maana ushahidi wake juu ya mto una uzito.

Yuko pia Trikoptera, fundi wa ajabu. Baadhi ya watoto wake hujijengea nyumba ya chembe za mchanga au vipande vya majani, wakiviunganisha kwa uzi wa hariri watoao kinywani, wakatembea na nyumba hiyo kama konokono na gamba lake. Wengine hutandaza nyavu ndogo baina ya mawe kunasa chakula.

Walio katikati ni watoto wa kereng'ende, kaa wa maji baridi, mbawakawa wa maji na konokono. Hawa huvumilia kiasi. Kisha kuna wale wasiojali: ruba, minyoo, na watoto wa nzi na usubi. Baadhi ya watoto wa usubi ni wekundu kama damu, na wekundu wao una sababu. Wana ndani ya miili yao kile kile kinachoifanya damu yetu kuwa nyekundu, nacho huwawezesha kuinasa hewa kidogo iliyobaki katika tope linalonuka. Na yuko mtoto wa nzi mmoja mwenye mkia mrefu kama wa panya, ambao ni bomba la kuvutia hewa kutoka juu. Huyo maji hata yakikosa hewa kabisa, yeye hana habari.

Hawa wa mwisho wasionewe. Wapo pia katika mito misafi, wachache, pamoja na wenzao. Jambo la kutisha ni kuwakuta wamejaa wao peke yao.

Hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano aiweza

Kutokana na mfumo wa SASS, wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza mfumo mwepesi kwa watu wa kawaida na watoto wa shule, uitwao miniSASS. Una makundi 13 tu, na kila kundi lina alama zake. Plekoptera ana 17. Efemeroptera wa jamii ya kawaida ana 5, na wa jamii nyingine 11. Trikoptera ana 9. Kaa na uduvi wana 6, na kereng'ende wanene 6. Kereng'ende wembamba wana 4, konokono 4, mbawakawa na jamaa zake 5. Minyoo bapa ina 3. Minyoo ya kawaida, ruba, na watoto wa nzi, kila kundi lina 2.

Huhesabu idadi ya wadudu, wahesabu makundi. Ukiona mmoja au mia wa kundi moja, alama ni zile zile. Wajumlisha alama za makundi uliyoyaona, kisha wagawanya kwa idadi ya makundi. Wastani ukizidi 7 na kitu, mto uko karibu na maumbile yake. Ukiwa chini ya 5, mto umeharibika vibaya.

Siku moja, mito miwili na jiji moja

Jumamosi moja ya msimu wa kiangazi tulitoka na binti wa dada yetu, na wadogo zake wawili wakiwa wamebeba besheni jeupe la plastiki, chujio la mpini mrefu, kijiko, na kitabu cha picha. Tulivaa mabuti ya mpira na glavu. Kiangazi ndio wakati mzuri, kwani mafuriko huwasomba viumbe wote, na mto uliotoka kufurika hautoi ushahidi wa haki.

Tulianzia juu. Mto Nairobi chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Kinamasi chenyewe hakipimiki kwa njia hii, maana maji yake yametuama, basi tukashuka kidogo hadi penye mkondo na mawe, baina ya mashamba. Watoto walipindua mawe mkondoni huku chujio limetegwa upande wa chini, kisha wakamwaga besheni. Mwanzo hatukuona kitu ila majani. Tukangoja. Polepole majani yakaanza kutembea. Mara huyu hapa mwenye mikia mitatu, mara kaa mdogo kama ukucha, mara kijumba cha mchanga kikijivuta. Tulihesabu makundi manane: Efemeroptera wa jamii zote mbili, kereng'ende wanene, kaa, mbawakawa, Trikoptera, konokono na watoto wa nzi. Jumla 48, wastani 6. Plekoptera hakuwepo. Mto pale una jeraha, lakini ungali hai.

Adhuhuri tulifika Kawangware, kwenye kijito cha swali letu. Mama yule alikuja pamoja nasi, amembeba mwanawe. Maji hayakuwa na rangi ya kutisha. Lau tungeulizwa tena zile sifa tatu, huenda tungejibu kama mwanzo. Watoto wakapindua mawe. Upande wa chini wa kila jiwe ulikuwa mweusi, na humo mlijaa minyoo myekundu, mingi hata haihesabiki. Kulikuwa na minyoo mingine, konokono wadogo, na ruba mmoja. Basi. Makundi manne, jumla 10, wastani 2 na nusu.

Mama akatazama besheni kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe haya ndiyo niliyokuwa nikimwogeshea."

Hatukuwa na la kumjibu.

Hatua chache juu ya pale, mwanawe mkubwa alituonyesha bomba la plastiki lililotoka chini ya ukuta wa nyumba ya kupanga. Lilikuwa kavu mchana ule. Wapangaji wote walijua habari zake: hufunguliwa usiku shimo la choo linapojaa, kwa sababu gari la kunyonya maji taka lina gharama. Walijua, wakanyamaza, kwa kuwa kodi ya nyumba ile ni nafuu. Hata jamaa zetu wenyewe walijua. Ushahidi wa minyoo ile uliwagusa watu wengi, na mwenye nyumba ni mmoja wao tu.

Tulimalizia katikati ya jiji, mto Nairobi upitapo kando ya bustani ya Michuki, chini ya barabara zenye magari ya kwenda Ngara na Westlands. Bustani hiyo ina jina la marehemu John Michuki, waziri wa mazingira aliyeanzisha kazi kubwa ya kuusafisha mto huo mwaka 2008. Kingo zimepandwa miti, na watu hupumzika vivulini. Hapo hatukuruhusu watoto wauguse mto. Binti alizamisha chujio mara tatu kutoka ukingoni. Kilichotoka kilikuwa minyoo na watoto wa nzi, na mifuko. Wastani ni 2, yaani hakuna kinachoweza kuwa chini ya hapo ila mto usio na kiumbe kabisa.

Siku moja ya watu wasio wataalamu si utafiti, nasi hatutaki ichukuliwe hivyo. Lakini tulikuwa tumeuona mto mmoja ukiwa na wakaazi wa kila namna asubuhi, na alasiri ukiwa umebakiwa na wasiojali. Wamaasai waliupa mto ule jina lenye maana ya maji baridi, na kutoka kwao likatoka jina Nairobi, kabla reli ya kutoka Mombasa kwetu haijafika pale mwaka 1899. Katika maji hayo ya baridi ndimo wanamoishi wenye mikia mitatu. Jina limebaki, wakaazi wamehama.

Tulichokisahau katika kitabu chetu wenyewe

Usiku ule tulirejea moyoni somo la kwanza la mlango wa twahara. Waliosoma Matni ya Abi Shujaa wakumbuka kwamba maji yamegawanywa mafungu manne. Fungu la pili ni maji ambayo ni twahari na yanatwahirisha, lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini, nayo ni maji yaliyopata moto wa jua katika vyombo vya madini. Kwa nini yawe makuruhu na hali hayana najisi? Wanazuoni wa Kishafi walieleza: kwa kuchelea maradhi ya ngozi, mbalanga.

Tuzingatie hapo. Wanazuoni wale hawakuwa na maabara, na matabibu wa leo huenda wakaijadili hofu ile. Lakini mlango waliufungua. Walijua kwamba swali la "je, maji haya yafaa kwa ibada?" halimalizi swali la "je, maji haya yatanidhuru?" Mtu aweza kupata jibu la ndiyo katika yote mawili. Sisi tulimfundisha mama yule la kwanza, tukasahau la pili, na kitabu kimo mikononi mwetu tangu utotoni.

Wala si hilo tu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kujisaidia penye maji wanayoyaendea watu, akalihesabu tendo hilo katika mambo yanayomletea mtendaji laana. Bomba lile la usiku tofauti yake na tendo hilo ni nini, ila kwamba limefanywa na watu wengi kwa pamoja na gizani? Nao viumbe wadogo, Qur'ani haikuwadharau: nyuki, sisimizi na buibui kila mmoja ana sura yenye jina lake.

Basi tulirudi kwa mama yule, tukasahihisha maneno yetu mbele ya wale wale waliotusikia mwanzo. Nguo zako, ikiwa maji hayakugeuka sifa, swala yako ni sahihi. Ama watoto, usiwaogeshe humo, usioshee vyombo wala mboga humo, wala wasicheze humo. Akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe, shekhe. Lakini ungaliniambia mwanzo." Ni kweli. Tungalimwambia mwanzo.

Maji yale yaja kwetu

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema hayo ni ya watu wa bara. La. Mto Nairobi huingia katika mto Athi. Athi huzunguka mlima wa Ol Doinyo Sabuk, hushuka kando ya Yatta, hukutana na mto Tsavo, na kuanzia hapo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na huingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Kando ya Sabaki ndiko viliko visima vya Baricho, ambavyo maji yake huletwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji hayo hupita katika mchanga na kutiwa dawa kabla ya kutufikia, na mto wenyewe katika safari ndefu hujisafisha kwa kadiri yake. Lakini kila kadiri ina mpaka. Kinachopita nyuma ya nyumba ya dada yetu Kawangware kinashuka kuelekea kwetu.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1999 ulianza mpango wa bonde la mto Nairobi chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini tume haiwezi kulala kando ya kila bomba. Anayelala hapo ni mpangaji, na mara nyingi ni mama wa nyumba, kwani yeye ndiye atekaye maji, afuaye, aoshaye na auguzaye.

La kufanya nyumbani na chuoni

Kwanza, akina mama mnaoishi kando ya vijito, Nairobi au penginepo, msiyaamini macho peke yake. Pindua jiwe. Ukikuta minyoo myekundu imejaa na hakuna mwingine, umepata jibu bila gharama.

Pili, msije mkalipindua jambo hili. Kumkuta mwenye mikia mitatu si idhini ya kunywa. Viumbe hawa wanatwambia afya ya mto. Hawawezi kutwambia kama kuna vijidudu vya homa ya matumbo au kipindupindu ndani ya kikombe. Na baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho. Maji ya kunywa yachemsheni, au yatieni dawa, hata yawe yametoka mto msafi namna gani.

Tatu, mboga. Sukuma wiki na mchicha hulimwa kando ya mito ya jiji kwa maji yale yale. Muulizeni mwuzaji shamba liko wapi. Osheni kwa maji salama na kupika vizuri. Hata hivyo kupika huua vijidudu tu. Sumu za viwandani hakuziondoi.

Nne, walimu wa madrasa. Somo la twahara hufunzwa kwa ubao na chaki. Mara moja kwa mwaka, mahali palipo na kijito chenye nafuu, wapelekeni watoto na besheni jeupe. Vaeni glavu, osheni mikono kwa sabuni, na msiwaingize watoto katika mto unaonuka. Warudisheni viumbe mtoni mkimaliza. Andikeni alama na tarehe. Mkirudia kiangazi baada ya kiangazi mtakuwa na daftari la ushahidi, na daftari lina nguvu kuliko malalamiko mnapokwenda kwa chifu au kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Tano, na ndilo gumu kuliko yote: tuangalie mabomba yetu wenyewe. Wapangaji wa Kawangware, baada ya siku ile, walikwenda watu sita kwa mwenye nyumba, wakiwa na chupa ya minyoo myekundu na karatasi ya hesabu iliyoandikwa na mtoto wa darasa la tano. Wakasema wako tayari kuchanga sehemu ya gharama ya gari la kunyonya. Mwenye nyumba hakukataa wala hakukubali. Hadi tunapoandika haya bomba lingali pale, ingawa wanasema halijafunguliwa tangu mfungo uliopita. Mtoto yule wa darasa la tano ameahidi kuwapindulia mawe tena kiangazi kijacho, nasi, inshallah, tutawaleteeni alama zake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafundisha kwa upungufu, awape afya watoto wetu, na atuwezeshe kuyarejesha maji haya kama tulivyoyakuta. Amin.